Wawili Garini, Wengine Nje ya Picha

Kila Desemba simu zetu hujaa video ileile. Wapenzi wawili, Landcruiser moja, tenti juu ya paa. Wanajaza mafuta Nanyuki, wanapita mashamba ya ngano ya Timau, kisha barabara inateremka kuelekea Isiolo na joto linaanza. Kesho yake wako Chalbi. Droni inapaa, wawili wanakuwa nukta, muziki unapanda. Imeisha hiyo.

Mtindo huu una mama yake mzazi: Osa Johnson, Mmarekani kutoka Kansas. Kati ya 1924 na 1927, yeye na mumewe Martin walipiga kambi Marsabit, kando ya ziwa walilolitangaza duniani kama Lake Paradise, wakirekodi filamu za wanyama. George Eastman, yule wa Kodak, alikuwa mmoja wa wafadhili wao. Mwaka 1941 Osa akachapisha *Four Years in Paradise*. Nataka tukisome kitabu hiki upya, kwa sababu kinazishinda video zetu kwa jambo moja, na kinafanana nazo mno kwa jingine.

Tuanze na sifa. Ndovu na simba wapo, lakini kurasa zinazonibamba ni za nyumbani: bustani ya mboga, chakula, mume aliyejifungia akisafisha filamu. Kumbuka Martin alikufa 1937 kwa ajali ya ndege. Kwa hivyo anayeandika ni mjane, na ile bustani si mapambo tena. Ni mtu anayehesabu vyombo vya nyumba iliyokwisha vunjika. Video zetu hazina kitu kama hicho. Zinatuonyesha wawili wakifika, lakini hazituonyeshi Jumanne ya kawaida, maji yamepungua, mmoja amenuna na mwingine anaosha sufuria.

Sasa hesabu watu. Sina digrii, chuo niliacha, lakini kuhesabu najua. Watu wawili hawajengi kijiji juu ya mlima peke yao. Kulikuwa na wapagazi, wapishi, wajenzi, walinzi. Kulikuwa na Boculy, bingwa wa kufuata nyayo za ndovu. Osa anampenda, hilo linaonekana, lakini anampenda kwa kile anachojua kuhusu ndovu. Boculy mwenyewe alitaka nini maishani? Kitabu hakimuulizi. Hata jina la mahali lilikuwepo tayari: kreta yenye ziwa hilo ni Gof Sokorte Guda. *Gof* ni kreta, *guda* ni kubwa, kwa Kiborana. Na huko chini kwenye tambarare, Warendille na Wagabra walikuwa na ngamia wao na visima vyao. Jangwa huwa tupu kwa yule tu asiyeuliza kisima kilichimbwa na nani.

Sisi wa Nyeri tunayajua haya kwa uchungu wetu wenyewe. Dunia inaikumbuka Treetops ya Februari 1952 kwa binti mfalme aliyelala juu ya mti akaamka malkia. Oktoba mwaka huohuo ikatangazwa hali ya hatari, msitu uleule wa Aberdare ukawa maficho ya wapiganaji, na 1954 hoteli ikachomwa. Tumechoka kuwa mandhari ya hadithi ya wageni, na tunalalamika kwa haki. Lakini tukivuka Isiolo na kamera, ghafla sisi ndio wageni, na Marsabit inakuwa ukuta wa kupigia picha.

Watu wa kaskazini wana usemi wa miaka mingi: wakija upande wetu, wanasema wanakwenda Kenya. Ukoloni uliifunga kaskazini, kuingia na kutoka kukawa kwa kibali. Leo kuna lami hadi Marsabit na mbele, ila jicho letu bado linatembea na kile kibali cha zamani.

Sisemi wapenzi wasiende. Waende, wapendane, wapike chai kwenye jiko la gesi machweo yakiingia. Ninachodai ni kazi nzuri zaidi. Mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope na gari huzama. Anayekuja kulivuta ana jina, ana lugha, na pengine ana maoni kuhusu droni yako. Mrekodi akiongea, na umwachie amalize.