Hadhari ya Kuhamisha Nambari

Miongoni mwa sanaa za fundi wa programu zisizopata sifa, kwa kuwa tunda lake ni msiba usiotokea, naitukuza ile ya kuitoa nambari kubwa katika nafasi pana na kuitia katika nafasi finyu bila ya kuipotosha. Nambari kamili ya biti 32 ikubaliyo hasi haivuki 2,147,483,647. Nasi tukaao Buzuruga, jijini Mwanza, ambako nauli za stendi na mauzo ya dagaa wa soko la Mwaloni huhesabiwa kwa shilingi, twakifikia kikomo hicho upesi, na mhasibu akitunza kwa senti, shilingi milioni 21 na nusu zatosha kukivuka.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lilitajwa kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Zitwae bilioni 700 kamili, uzishurutishe kuingia katika biti 32: lugha ya programu ya Java itazikata biti za juu pasipo kunena neno, na kitakachosalia ni hasi 79,669,248. Hasi hiyo walau yashtua. Lakini 4,294,967,301 ikikatwa hivyo hubaki 5, nambari safi, halali machoni pa kila mkaguzi, na hapo ndipo nionapo hatari iliyo kuu. Kwani apimaye dagaa kwa debe huwaona wanaomwagika, ilhali mashine haimwagi kitu mbele ya macho.

Fundi stadi, basi, huilinganisha nambari na kikomo cha juu na cha chini ingali katika nafasi yake pana, maana ikishakatwa ushahidi umekwisha kupotea. Kikomo cha chini husahauliwa mno, ijapokuwa hasi 1 ikitiwa katika biti 32 zisizojua hasi hugeuka 4,294,967,295. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliangamia muda mfupi baada ya kuruka, kwa sababu nambari ya desimali ya biti 64 ilitiwa pasipo kinga katika biti 16, ambazo ukomo wake ni 32,767, na kompyuta za mwelekeo zikajizima. Kinga haikuwekwa kwa kuwa katika safari za Ariane 4, roketi iliyoitangulia, thamani ile haikupata kufika huko.

Wako waishushao nambari iliyozidi hadi kwenye kikomo. Kwa fedha za watu siliridhii jambo hilo. Bora Math.toIntExact, iliyomo katika Java tangu mwaka 2014, ambayo husimamisha kazi na kutangaza kosa. Na namstahi zaidi fundi ambaye, akiisha kukataa, huandika nambari yenyewe na mahali ilipokataliwa, ili karani wa zamu ya usiku ajue ni muamala upi wa kuurekebisha.