Taharuki na Chupa ya Maji: Filamu Tatu Fupi za Baada ya Maangamizi

Vitabu vyetu vya nadharia hueleza kuwa taharuki ni ile hamu ya msomaji au mtazamaji ya kutaka kujua kitakachotokea mbele. Maelezo hayo tumeyakariri tangu sekondari, tumeyaandika kwenye mitihani na tumepewa maksi. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba hayatoshi. Na mahali yanapovuja waziwazi ni katika filamu fupi za kusisimua zinazoonyesha dunia iliyokwisha kuangamia. Nitazitazama tatu: La Jetée ya Mfaransa Chris Marker (1962), Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu (2009), na Cargo ya Ben Howling na Yolanda Ramke wa Australia (2013).

Hebu tuanze na mandhari. Katika filamu ya kawaida ya kusisimua, mtu anayefukuzwa mjini anaweza kudandia basi, kujificha dukani au kukimbilia polisi. Msanii analazimika kumfungia milango hiyo mmoja mmoja, na kazi hiyo inakula muda. Baada ya maangamizi milango yote imekwisha kufungwa hata kabla picha haijaanza. Hakuna duka, hospitali wala jirani. Kilichobaki mkononi mwa mhusika ndicho hichohicho, kikiisha, kimeisha. Kwa msanii mwenye dakika chache hii ni mali, maana hahitaji kutueleza hatari. Anatuonyesha kitu kimoja kinachopungua, nasi tunaanza kuhesabu.

Cargo ina dakika kama 7 tu. Baba anazinduka garini baada ya ajali, kumbe mkewe aliye kando yake ameshageuka kuwa mfu anayetembea, naye anamng'ata. Kiti cha nyuma yupo mtoto wao mchanga. Kuanzia hapo tunajua yote: baba naye atageuka, na akigeuka, kitoweo cha kwanza kitakuwa mwanawe. Sasa hamu ya kujua kitakachotokea iko wapi? Haipo. Lakini nani aliinuka kitini? Baba anambeba mtoto mgongoni, kisha ananing'iniza nyama mbichi kwenye mti mbele ya uso wake, ili akili ikishamtoka miguu iendelee kuifuata nyama na mtoto afike kwa watu. Kinachopungua hapa ni ubaba wenyewe. Kila hatua tunajiuliza: bado ni baba, au ameshakuwa kitu kingine? Mazungumzo karibu hakuna, na wala hayahitajiki.

La Jetée ni ngumu zaidi, nami nakiri sikuipenda siku ya kwanza. Vita vya Tatu vya Dunia vimeiteketeza Paris, manusura wanaishi chini ya ardhi, na mfungwa mmoja anarudishwa nyuma katika wakati kwa majaribio ya kikatili. Filamu yote, dakika 28, ni picha za mnato na sauti ya msimulizi. Zipo sekunde chache tu ambapo picha inacheza: mwanamke aliyelala anafumbua macho. Msomi anaweza kuuita ujanja wa fani tu, lakini tazama kazi yake. Muda ndio unaomwishia mfungwa yule, na kila picha iliyoganda ni kipande cha muda kilichokatwa. Tunaposikia mapigo ya moyo wakati wa majaribio, tunayahesabu kama mtu anavyohesabu senti za mwisho.

Niliyoitazama mara nyingi zaidi ni Pumzi, na si kwa sababu ya jina lake la Kiswahili tu. Ni miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa, inayoitwa Maitu, neno ambalo kwa Kikikuyu ni mama. Nje hawatoki. Mkojo na jasho husafishwa na kunywewa tena, na umeme hutokana na jasho la watu wanaofanyishwa mazoezi kwenye mashine. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye maji na usio na mionzi. Anapanda mbegu, inachipua, anaomba ruhusa ya kutoka nje, ananyimwa. Hatimaye anatoroka na mche wake kuingia jangwani.

Tuliitazama wengi pamoja, na nilichogundua ni kwamba walinzi hawakumtisha mtu. Watu waliongea, wengine walicheka. Ukumbi ulinyamaza Asha alipobaki na chupa yake juani. Pengine sisi tunaoamka saa 10 usiku kukinga maji bwenini tunaisoma chupa ile haraka kuliko wengine. Kila tone analompa mche ni tone ambalo yeye hatalinywa, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Maji yanaisha, anakamua jasho lake, na mwishowe anaulalia mche kuukinga na jua.

Wapo wenzangu waliodai kwamba eti hiyo si taharuki kwa kuwa mapema mno tunajua Asha hatarudi. Basi na waniambie kwa nini mtoto humwomba bibi arudie ngano ileile ya sungura aliyenaswa kwenye ulimbo, na bado hukaza macho kila mkono unaponata. Mkono wa kwanza, wa pili, kisha mguu. Mtoto anaujua mwisho, ila hesabu haijamalizika.

Pumzi ina udhaifu wake pia. Kutoroka kwa Asha, akisaidiwa na msafisha vyoo, kunakwenda mbio mno. Jumuiya inayopima hata jasho la mtu ingejua mara moja kwamba mtu mmoja amepungua, lakini filamu inatupitisha hapo kana kwamba mlango ulisahauliwa wazi. Hapo taharuki inalegea, kwa sababu kwa dakika hizo hatuna cha kuhesabu. Ndoto ya mti mkubwa nayo niliiona kwanza kuwa pambo, hasa kwa vile mwanzoni mashine inamwamuru Asha ameze dawa ya kuzuia ndoto, nikadhani dhamira ni uhuru wa mawazo na basi. Lakini jangwani mti ule anaufikia, na umekauka. Ndoto ilikuwa deni lililosubiri kudaiwa, na linadaiwa wakati chupa iko karibu kuwa tupu. Tukio hilo ni fupi sana, na ndilo ningelichagua kama ningeambiwa nimwonyeshe mtu tukio moja tu katika filamu zote tatu.