Jinsi SnowWorld Ilivyopunguza Maumivu ya Vidonda vya Moto

SnowWorld, yaani “dunia ya theluji”, ni programu ya uhalisia pepe iliyotengenezwa na Hunter Hoffman, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, akishirikiana na David Patterson, mtaalamu wa maumivu katika kitengo cha majeruhi wa moto cha hospitali ya Harborview, Seattle, Marekani. Utafiti wao ulianza mwaka 1996. Tatizo lenyewe linajulikana kwa kila muuguzi wa wodi kama hiyo: mofini na dawa za jamii yake humtuliza mgonjwa aliyelala kimya, lakini bandeji ikianza kubanduliwa na ngozi iliyokufa kukwanguliwa, maumivu huizidi dawa nguvu. Dozi nayo haiongezwi ovyo, kwani dawa hizo hudhoofisha upumuaji, huleta kichefuchefu na kufunga choo. Kidonda kikubwa husafishwa siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa, hata mgonjwa akaanza kuteseka kwa hofu kabla hajaguswa.

Maumivu hayasafiri kutoka kidondani hadi kwenye ubongo kama maji katika bomba. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu mfano wa lango, na kwamba ubongo wenyewe huweza kuchangia kulifungua au kulibana. Nadharia ya Hoffman na Patterson ilikuwa nyepesi zaidi: ili auhisi uchungu, mtu lazima aupe sehemu ya umakini wake, na umakini una kiasi. Kikichukuliwa kingi na kazi nyingine, maumivu hubakiwa na kidogo.

Jaribio lao la mwanzo, lililochapishwa mwaka 2000, halikuwa na theluji hata chembe. Vijana wawili walioungua waliingizwa katika jiko la kubuni lenye buibui, programu iliyokuwa imetengenezwa kutibu watu wanaoogopa viumbe hao. Matokeo yalilinganishwa na ya kucheza gemu ya Nintendo, na jiko la buibui likashinda. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa sababu habari nyingi kuhusu SnowWorld huusifu ubaridi wake kana kwamba barafu ya kwenye picha ndiyo inayopoza kidonda. Theluji ilichaguliwa kwa sababu ni kinyume cha moto, isimkumbushe mgonjwa ajali yake. Kazi kubwa hufanywa na kule kuhisi kwamba yumo ndani ya mahali pengine.

Ndiyo maana ufundi mwingi ulielekezwa huko. Miwani huziba macho yasimwone muuguzi na koleo lake, na vipokea sauti huziba masikio. Mgonjwa huteleza polepole katika bonde la barafu, akirusha mabonge ya theluji kwa pengwini na sanamu za theluji. Hulenga kwa kutazama na kurusha kwa kubofya kitufe, kwa hiyo kidole kimoja chatosha, na mkono uliofungwa hauhitajiki. Njia imepangwa tangu mwanzo, na mwendo ni wa taratibu, ili kupunguza kizunguzungu. Mgonjwa anayetapika katikati ya usafi wa kidonda ni balaa juu ya balaa. Upana wa picha nao una uzito: miwani yenye uwanja finyu wa kuona hupunguza maumivu kidogo kuliko ile inayojaza macho.

Wenye shaka waliweza kusema kwamba wagonjwa wanawafurahisha watafiti tu. Jibu lilipatikana mwaka 2004 kwa mashine ya MRI, inayoweza kuonyesha shughuli za ubongo. Watu wenye afya njema walipashwa joto la kuumiza mguuni, mara wakiwa ndani ya SnowWorld, mara wakiwa nje yake. Kwa kuwa mashine hiyo ni sumaku kubwa isiyopatana na chuma, ilibidi picha zipitishwe kwa nyuzi za kioo. Walipokuwa ndani ya programu, shughuli za ubongo zilipungua katika maeneo matano yanayohusika na maumivu, thalamasi ikiwa mojawapo.

Nyuzi hizo hizo zilitatua tatizo jingine. Vidonda vingi huko Harborview vilisafishwa mgonjwa akiwa ndani ya beseni la maji, na umeme haukai na maji. Miwani ya nyuzi za kioo humletea mgonjwa mwanga tu. Kwa askari wa Marekani waliojeruhiwa Iraki na Afghanistani, ambao baadhi yao hawakuweza kuvaa kitu kichwani, miwani ilining'inizwa kwenye mkono wa chuma na kusogezwa mbele ya macho.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyoondoa dawa. Katika majaribio ya wodini, wagonjwa walipewa dawa zao za kawaida kwanza, kisha miwani ikaongezwa juu yake.