Kumvalisha Avata Kanga

Anayenunua mabawa ya moto kwa almasi za Free Fire hajafanya ufundi wowote, amelipa. Simkejeli. Vijana wa Bunju, Kerege na Bagamoyo mjini wanaijua raha ya kuingia uwanjani na joho ambalo mwenzako hana, na bando lao ni lao. Ila sifa zangu leo ni za yule asiyeridhika na vya dukani, anayekesha na kompyuta ili avata, yaani mtu wake wa kwenye kioo, avae kitu ambacho wenye gemu hawakuwahi kukifikiria: kanga, imefungwa kifuani, pindo limekaa mahali pake.

Tamaa ya kuupamba mwili wa pili ina umri mkubwa kuliko wengi wa wachezaji wenyewe. Mwaka 1986, Lucasfilm Games ya Marekani ilipoanza kuijaribu gemu yake ya Habitat kwenye kompyuta ya Commodore 64, tayari wachezaji walikuwa wakinunua vichwa na kubadilisha walivyochoka navyo. Second Life ilipofunguliwa mwaka 2003 ikapiga hatua kubwa zaidi: wakazi wake walitengeneza nguo, nywele na viatu wenyewe, wakauziana kwa sarafu ya humo ndani, na sarafu hiyo ikabadilishwa kuwa dola za kweli. Siku hizi mtoto wa shule anaweza kuchora shati lake na kulipandisha Roblox. Hapo ndipo mnunuzi na fundi walipoachana.

Kazi huanza kwa kuulaza mwili. Umbo zima la avata hufunguliwa na kutandazwa kwenye picha moja bapa, kama ngozi ya mbuzi iliyochunwa ikisubiri kuwambwa kwenye ngoma, na fundi huchora juu ya picha hiyo akijua kila kipande kitarudi wapi. Katika Roblox, kiolezo cha nguo za kawaida kina pikseli 585 kwa 559. Kifua ni mraba wa pikseli 128 kwa 128. Kila ubavu ni 64 kwa 128. Sasa chukua kanga. Ina pindo linalouzunguka mji, yaani sehemu ya katikati, na ndani ya mji, upande wa chini, lipo jina, yaani maandishi yake. Kitambaa ni kimoja, kinauzunguka mwili na ncha yake moja kupanda juu ya nyingine. Kiolezo nacho hakijui kuzungusha. Kinajua mbele, nyuma, kushoto na kulia. Pindo likipishana hata pikseli mbili pale kifua kinapokutana na ubavu, jicho la mtu wa Pwani litaliona kabla hajajua ameona nini.

Halafu jina. Ukiipa kila herufi pikseli 6 pamoja na nafasi yake, kifua kizima kinabeba herufi 21. Mafumbo mengi ya kanga hayaenei humo. Wapo wanaochora vijistari vyeusi vilivyofanana na maandishi, wakitegemea kwamba hakuna atakayesogea karibu. Mimi huiita hiyo kazi ya haraka. Ni kweli kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, lakini tangu yalipoingia, mwanamke wa Pwani hanunui kanga kabla ya kuisoma. Fundi mzuri hutunga jina fupi linaloenea, au hulipeleka mgongoni peke yake, herufi zikiwa kubwa na kavu. Kwenye gemu nyingine huwa kuna mtego mwingine: ili kuokoa nafasi, nusu ya kushoto ya mwili hutumia picha ileile ya nusu ya kulia, imegeuzwa. Ua halina shida na hilo. Jina linasomeka kinyumenyume.

Na hata pindo likikaa sawa na jina likasomeka, avata akianza kutembea aibu inatoka. Kiolezo kile cha Roblox huchora mguu mmoja mmoja, kwa hiyo kanga iliyopakwa juu yake hugawanyika katikati na kuwa suruali ya maua. Anayejali huiacha rangi na kwenda kushona hasa. Hufungua Blender, programu ya bure ambayo ukishaipakua haidai bando, na kujenga kitambaa chenye umbo lake, kinachosimama mbali kidogo na mwili. Kisha hukifunga kwenye mifupa ya avata: eneo hili lifuate paja kwa nusu, eneo lile lifuate kiuno kabisa, fundo la kifuani lisifuate mkono hata kidogo. Kwapa ndilo linalowatesa wote. Mkono ukiinuka, bega hutoboa nguo na kuchungulia nje. Dawa yake ni kuongeza mistari ya umbo pale pale panapokunjika, jambo ambalo fundi cherehani anayeshona kanzu amelijua miaka yote: kwapani huachwa nafasi, kwa kuwa mvaaji atainua mikono.

Ndiyo maana naamini ufundi huu una kwao Bagamoyo kuliko watu wanavyodhani. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, na tangu 2007 tunakijua kama TaSUBa. Mtu aliyewahi kutengeneza maleba ya wacheza ngoma hafundishwi tena kwamba vazi halihukumiwi likiwa limetundikwa. Linahukumiwa mchezaji akiruka, akichuchumaa, akitikisa kiuno. Wengi wanaojifunza Blender huanza na kompyuta, na mwili huja baadaye. Wa maleba huanza na mwili. Kompyuta atafundishwa. Namna kitambaa kinavyoanguka nyongani ndiyo inayochukua miaka.

Baada ya nguo kuna ngozi, na hapa gemu zimetukosea kwa muda mrefu. The Sims 4 ilitoka mwaka 2014, lakini ilikuwa Desemba 2020 ndipo ilipoongeza zaidi ya rangi 100 za ngozi, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba zile nyeusi zilikuwa chache na zimefifia kama majivu. Sababu inaeleweka kwa yeyote anayepaka rangi. Ukiichukua ngozi nyeupe ukaitia giza tu, unapata maiti. Ngozi yetu ina wekundu chini yake, ina mng'ao kwenye paji na kwenye mfupa wa shavu, viganja ni vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Fundi hupaka tabaka kwa tabaka. Na juu ya tabaka hizo, kama avata ni bibi harusi, huja tabaka jingine linaloonesha ngozi chini yake: hina na piko. Piko, kwa weusi wake, ni rahisi. Hina ndiyo mtihani, maana juu ya ngozi nyeusi wekundu wake hauna budi kuonekana bila kupiga kelele.

Kofia ya viua nayo inastahili sifa zake. Hakuna anayetoboa kila kitundu, kompyuta ingekwama. Huchorwa picha ya pili inayouambia mwanga uinuke wapi na uzame wapi, na macho yanakubali. Kishada cha shingoni cha kanzu ya Kiomani kinaweza hata kufanywa kining'inie na kuyumba avata anapogeuka. Manukato yanayochovywa humo bado hayajapata programu.

Basi wewe mwenye kompyuta Bagamoyo, Mbweni au popote pengine, usianze na mabawa. Omba kanga nyumbani, itandaze sakafuni mchana, ipige picha kutoka juu, ujifunze pindo lina upana gani ukililinganisha na mji. Kisha funga picha hiyo uchore kanga yako mwenyewe, kwa sababu ile ya sakafuni ina mchoraji wake. Tunga jina lake kwa herufi zisizozidi 21. Na kabla hujaiweka sokoni, mchezeshe avata ngoma, akiwa ameinua mikono yote miwili.