Mbuzi wa Wastani Hayupo

Ukisoma makala za kuzalisha viinitete vingi kwa mbuzi, utakutana na namba moja inayopendwa sana: wastani wa viinitete kwa kila mbuzi. Namba hiyo inavutia, lakini inaweza kukudanganya. Hebu tuone kwa nini.

Kwa kawaida mbuzi hutoa yai moja hadi matatu kila anapoingia kwenye joto. Anayetaka mengi zaidi humwekea sponji yenye projestojeni ukeni, kisha siku za mwisho za sponji humchoma FSH, homoni inayokuza folikoli, yaani vifuko vya mayai kwenye ovari. FSH haikai mwilini muda mrefu, ndiyo maana sindano hurudiwa asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Mbuzi akishapandwa, viinitete huvunwa karibu wiki moja baada ya joto, mara nyingi kwa upasuaji, halafu hupandikizwa kwa mbuzi wengine.

Njia ya mkato ni eCG, homoni inayotolewa kwenye damu ya farasi wenye mimba. Sindano moja tu, kazi imeisha. Kumbe haijaisha! Inakaa mwilini siku kadhaa, folikoli zinaendelea kukua hata baada ya mayai kutoka, na estrojeni ya folikoli hizo inaharibu ubora wa viinitete. Ukiirudia mara kwa mara, mbuzi hutengeneza kingamwili dhidi yake, na safari ijayo haitikii vizuri.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tuseme mbuzi watano wamepewa dozi ileile, wakatoa viinitete 0, 0, 3, 5 na 22. Wastani ni 6, lakini hakuna hata mmoja aliyetoa sita. Ukiwaondoa wale wa sifuri na kuhesabu "walioitikia" tu, wastani unaruka hadi 10. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni nani amehesabiwa.

Na hao wa sifuri ndio wenye somo. Huenda mmoja alianza sindano akiwa tayari na folikoli kubwa inayozikandamiza nyingine. Mwenzake huenda alitoa mayai mengi, lakini tezi za njano zinazobaki kwenye ovari kutengeneza projesteroni zikafa mapema, siku chache tu baada ya joto. Tatizo hili linajulikana sana kwa mbuzi, na viinitete hupotea kabla ya kuvunwa. Ni shida mbili tofauti, na kila moja inataka suluhisho lake. Wastani unazifuta zote mbili.

Kituo chenye mbuzi mia kinaweza kuvumilia, maana yule wa 22 atawabeba wenzake. Lakini mfugaji aliyemtoa mbuzi wake mmoja bora hana wastani. Akipata sifuri, anabaki na gharama, na mbuzi aliyepasuliwa ambaye makovu ya ndani yanaweza kumpunguzia uwezo wa kuzaa.

Kwa hiyo ukikutana na ripoti ya namna hii, uliza maswali matatu. Wangapi walipata sifuri? Viinitete vingapi vilifaa kupandikizwa? Na vitoto wangapi walizaliwa? Mimba ya mbuzi ni kama siku 150. Si muda mrefu kiasi cha kushindwa kusubiri jibu la swali la tatu.