Neno "Nafuu" na Nyumba za Kigali

Darasani tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Hapa nahakiki neno moja tu, kwa sababu linachangia kuamua watu wengi wa Kigali walale wapi. Neno lenyewe ni "nafuu", kama lilivyo katika "nyumba za gharama nafuu", tafsiri tuliyoizoea ya inzu ziciriritse za Kinyarwanda.

Nianze na lugha. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona. Maumivu yamepungua tu kuliko jana. Bidhaa ya bei nafuu ni nafuu kuliko nyingine iliyo dukani. Hili ni neno la kulinganisha, na anayelitumia anawajibika kusema analinganisha nini na nini. Kinyarwanda nacho hakitusaidii sana: -ciriritse ni sifa ya kitu kisicho kikubwa wala cha fahari, kama tunavyosema ubucuruzi buciriritse kwa biashara ndogo. Maneno yote mawili yanaieleza nyumba. Hakuna hata moja linalomtaja atakayeilipia. Hoja yangu ni kwamba pengo hilo la maana limeruhusu mlengwa abadilishwe huku neno likibaki lilelile.

Mwaka 2012 ulifanyika utafiti wa soko la nyumba kwa ajili ya Jiji la Kigali. Ulikadiria kwamba hadi 2022 jiji lingehitaji nyumba mpya 344,068, ukazigawa kwa kipato cha kaya. Nyumba za ruzuku, kwa kaya zenye kipato cha chini kabisa, zilikuwa 43,436. Nyumba za gharama nafuu zilikuwa 186,163, na mlengwa wake alikuwa kaya yenye kipato kisichozidi Faranga 200,000 kwa mwezi. Waliopata zaidi ya Faranga 900,000 waliwekwa katika kundi la juu kabisa, ambalo lilihitaji nyumba 1,601 tu katika miaka yote kumi. Kwa hiyo theluthi mbili ya mahitaji yote ilikuwa ya watu wa Faranga 200,000 kushuka chini. Utafiti huo, hata kama unachosha kuusoma, ulitimiza wajibu niliousema: ulitaja upande wa pili wa ulinganisho.

Sasa tuuangalie mpango wa Gira Iwawe, unaopitia Benki ya Maendeleo ya Rwanda kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ulipoanza, ulitoa mikopo ya nyumba za gharama nafuu kwa riba ya asilimia 11 kwa miaka 20, na kaya iliyostahili ilikuwa yenye kipato kisichozidi Faranga 1,200,000 kwa mwezi. Yaani mtu ambaye mwaka 2012 angehesabiwa miongoni mwa wenye nacho, sasa ni mlengwa wa nafuu. Najua Faranga ya 2012 si ya leo, lakini bei za vitu hazijapanda mara sita. Kilichopanda ni maana ya neno.

Anayetaka na achukue kikokotoo. Kwa masharti hayo, kila Faranga milioni 10 za mkopo hudai marejesho ya takriban Faranga 103,000 kwa mwezi. Mkopo wa milioni 20 ni 206,000. Kaya iliyokuwa mlengwa wa mwaka 2012, hata ile ya juu kabisa ya kundi lake, ingetoa kipato chote na bado ingedaiwa Faranga 6,000, kabla haijanunua hata kilo ya maharage. Wala riba hiyo si ya kikatili. Iko chini ya ile ambayo benki zetu hutoza kwa kawaida. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema tatizo ni ulafi wa watu fulani.

Tatizo liko katika namna nyumba zinavyopatikana. Vision City ya Gacuriro ni mfano ulio wazi. Awamu yake ya kwanza ilikuwa na nyumba 504, na mjenzi wake ni kampuni ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi. Mfuko kama huo unawajibika kuizalisha akiba hiyo, kwa hiyo hauwezi kujenga nyumba ya kuuzwa kwa hasara. Ulijenga za kifahari, wanunuzi wakachelewa kuja, bei zikapunguzwa. Hata baada ya kupunguzwa, mwalimu wa shule ya msingi ambaye makato yake yamo katika matofali yale hawezi kununua hata moja. Fedha ya maskini ilitafuta faida, na faida ilikuwa kwa tajiri. Hapo hakuna aliyevunja sheria.

Basi hao wa theluthi mbili wanakaa wapi? Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,745,555 Kigali, kutoka 1,132,686 mwaka 2012. Watu laki sita walioongezeka hawakulala nje. Wengi walipokelewa na vyumba vya uani: mwenye kiwanja anaongeza chumba nyuma ya nyumba yake, mwakani kingine, kwa tofali la udongo na bati, bila mkopo. Mimi mwenyewe nimepanga chumba cha namna hiyo, na wasomaji wangu wengi pia. Huu ndio ujenzi uliowafikia watu wa kipato hicho kwa wingi, na jina lake rasmi ni akajagari, fujo. Wanafunzi wa ngeli wataona kile kiambishi aka- cha kudunisha: kitu kimeshafanywa kidogo kabla hakijaelezwa. Kilichopewa jina hilo ni rahisi kukiondoa.

Kangondo na Kibiraro, pale Nyarutarama, viliondolewa. Watu waliviita Bannyahe, jina la kejeli linalouliza wakazi wanajisaidia wapi. Baada ya mvutano wa miaka kadhaa uliofika mahakamani, nyumba za mwisho zilibomolewa Septemba 2022 na wenye mali wakapewa nyumba za ghorofa Busanza. Wengi walitaka fedha. Sheria ya 2015 ya kuhamisha watu kwa manufaa ya umma inasema fidia ni fedha za Rwanda, au namna nyingine ambayo pande mbili zimekubaliana. Kukubaliana ni kauli ya kutendana. Haitimii kwa upande mmoja. Jiji lilijibu kwamba maghorofa ni bora kuliko vibanda vya bondeni, na kama majengo ni kweli. Lakini mama aliyeishi kwa kodi ya vyumba vinne alipewa mahali pa kulala, hakupewa tena mahali pa kipato. Na wapangaji wa vyumba vile vinne? Fidia humwendea mwenye haki juu ya ardhi au mali iliyo juu yake. Mpangaji hufunga virago akatafute akajagari kengine, mbali zaidi na kazi yake.

Sidai kila chumba kibaki kilipo. Milima yetu huporomoka na mabonde hufurika. Atakayemtetea mtu abaki katika mkondo wa maji hajamtendea wema. Pia Mpango Kabambe wa mwaka 2020 una afadhali kuliko ule wa 2013 uliochorwa na kampuni ya Singapore: unaruhusu matumizi mchanganyiko ya ardhi na ujenzi wa hatua kwa hatua. Kule Agatare, Nyarugenge, njia, mifereji na taa viliwekwa katikati ya nyumba za watu bila kuufuta mtaa wote. Nimepita pale, mvua ikinyesha sasa unatembea.

Lakini hata Agatare panabaki swali ambalo waandishi wa mipango hawajaligusa. Njia ikiboreshwa, mwenye nyumba hupandisha kodi, na ana haki. Mwenye nyumba wangu alipopata taa ya barabarani mbele ya lango aliniongezea Faranga 5,000. Nililipa. Jirani yangu wa chumba cha tatu, anayeuza maembe Kimironko, alihama mwezi uliofuata.